Kosa Huonwa na Aliyekaa

Mwaka 1967, katika filamu ya You Only Live Twice, James Bond na adui yake mkuu, Ernst Stavro Blofeld, wanakutana ana kwa ana ndani ya volkano huko Japani. Wanatazamana, wanazungumza, na Blofeld anajua fika aliyesimama mbele yake ni nani. Miaka miwili baadaye, katika On Her Majesty's Secret Service, Bond anapanda mlima wa Uswisi hadi kwenye makao ya Blofeld huyohuyo. Amevaa miwani, amejiita Sir Hilary Bray, basi. Adui anampokea, anaketi naye, wanaongea habari za ukoo na nasaba, wala hamtambui. Filamu haisemi neno hata moja kueleza imekuwaje.

Aliyeitazama filamu ya 1969 peke yake haoni tatizo lolote. Anaona jasusi aliyejificha na adui aliyedanganyika, hadithi inakwenda. Kosa linamjia yule tu aliyekuwapo kwenye filamu iliyotangulia na akaikumbuka. Nimelifikiria sana jambo hili, kwa sababu linahusu watu kuliko linavyohusu sinema. Anayegundua kwamba mtu amejipinga ni yule aliyekaa naye siku nyingi. Mgeni anakuta maneno ya leo tu. Mke, ndugu, rafiki wa utotoni, mzee wa jirani, hao ndio wanaokumbuka maneno ya mwaka juzi na kuyaweka kando ya haya. Kuishi kwingi ni kuona mengi, na miongoni mwa mengi hayo yamo makosa ya wale tunaowapenda. Swali ni tuyafanyie nini.

Kwetu Mamboya, chini ya milima ya Ukaguru, kaskazini mwa wilaya ya Kilosa, filamu hizi zilitufikia bila mpangilio. Banda la video lilikuwa la mabati, lenye benchi za mbao, televisheni moja juu ya meza, na jenereta likinguruma nyuma ya ukuta. DVD moja kutoka Dumila au Morogoro mjini ilibeba filamu nyingi, na aliyezipanga hakujali miaka. Tulianza na Pierce Brosnan, tukaja kwa Roger Moore, kisha Sean Connery, ndipo tukashangaa kumkuta mwingine, George Lazenby, ambaye tulimwona mara moja tu. Steringi mmoja, sura tofauti. Kwa hiyo kila usiku baada ya filamu kulikuwa na mjadala mrefu njiani: huyu ni yule yule, au ni jina tu linalorithiwa?

Aliyeongoza mijadala hiyo alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama. Wakaguru tunahesabu ukoo kwa upande wa mama, kwa hiyo mjomba si mtu wa kupita katika maisha yako. Alikuwa mkulima wa mahindi na mbaazi, mwenye macho makali na kumbukumbu ndefu. Alikaa benchi ya mbele, karibu na kijana wa rimoti, na hakukubali kitu kimpite.

Nakumbuka usiku wa Diamonds Are Forever, filamu ya 1971. Bond na mwanamke aliye naye wanakimbizwa na polisi ndani ya Las Vegas, wakiwa kwenye Mustang nyekundu. Mbele kuna kichochoro chembamba. Bond analiinua gari upande, linaingia kwa magurudumu mawili, na banda zima likapiga kelele. Gari likatoka upande wa pili, kelele zikazidi. Mjomba akainua mkono.

"Rudisha hapo, kijana."

Watu wakaguna, maana mafuta ya jenereta yalikuwa ya kupima. Kijana akarudisha. Mjomba akasogea hadi kwenye kioo cha televisheni, akaweka kidole juu ya magurudumu ya kulia. Gari liliingia kwa haya. Likatoka kwa ya kushoto. Akataka irudishwe tena, na safari hii akatuonyesha kipande kifupi cha katikati, Bond na mwenzake wakiwa ndani ya gari, wakiegemea ghafla upande wa pili, kana kwamba gari limegeuka likiwa humohumo kichochoroni.

"Hapa walishajua wamekosea," akasema. "Hiki wamekitia ili tusiulize."

Alikuwa sahihi. Kuingia na kutoka kulipigwa picha mahali pawili tofauti, na magurudumu yalipokataa kulingana, waliotengeneza filamu wakachomeka kipande hicho kuziba pengo. Ni kiraka kinachodai jambo ambalo nafasi ya kichochoro haiwezi kuliruhusu. Nimekutana na viraka vya namna hiyo katika maisha mara nyingi kuliko makosa yenyewe. Mtu amekwama kwenye maneno yake, na badala ya kusema kwamba hapa hayalingani, anatunga tukio la katikati. Kosa la awali lingesamehewa kwa kicheko. Kiraka ndicho kinachomfanya msikilizaji aanze kukagua na yale yaliyokuwa kweli.

Lakini si kila kisicholingana ni uongo, na hapo ndipo Blofeld anapofundisha jambo kubwa zaidi. Hadithi za Bond zilianza kama vitabu vya Ian Fleming. Kitabu cha On Her Majesty's Secret Service kilitoka mwaka 1963, na You Only Live Twice kikafuata mwaka 1964. Katika mpangilio wa vitabu, Bond anapofika kule mlimani, yeye na Blofeld hawajawahi kuonana uso kwa uso. Waliotengeneza filamu waligeuza mpangilio, wakaanza na Japani. Walipofika kwenye hadithi ya Uswisi wakaamua kukifuata kitabu kwa uaminifu, na kitabu kinasema hawajuani. Kosa hilo, basi, halikutokana na uzembe peke yake. Lilitokana na utii kwa maandishi yaliyoandikwa kwa mpangilio mwingine.

Nilipolielewa hilo nilianza kuwasikiliza wazee wangu kwa sikio jingine. Mama amesema siku zote kwamba amekulia hapa tulipo, hajui pengine. Mjomba alisema familia ilishushwa kutoka mlimani mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, serikali ilipowakusanya watu wa mashamba yaliyotawanyika wakae pamoja. Yeye mwenyewe, alisema, alibeba miti ya nyumba begani. Vijana wa ukoo walizoea kuuchukua mgongano huo kama ushahidi kwamba mmoja wao anaongeza chumvi. Ukikaa nao mmoja mmoja unaona hakuna aliyeongeza kitu. Mjomba wakati ule alikuwa kijana wa kubeba. Mama alikuwa wa kubebwa mgongoni. Mmoja alianza kuhesabu juu mlimani, mwingine alianza chini kwenye nyumba mpya, na kila mmoja amekuwa mwaminifu kwa pale alipoanzia.

Simulizi za koo zetu nazo zina tabia hiyo. Wakaguru wanasimulia safari ya wahenga waliokuja kutoka mbali na kupata majina ya koo njiani, kutokana na mambo yaliyowapata. Lakini kila ukoo unaisimulia safari kwa namna yake, na aghalabu ukoo wa msimuliaji ndio uliotangulia. T. O. Beidelman, mwanaanthropolojia kutoka Marekani aliyefanya utafiti Ukaguru tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, alikusanya na kuchapisha mengi ya masimulizi hayo. Ukiyasoma kwa haraka ya kutafuta nani mkweli, utachoka. Ukiuliza kila msimuliaji alisimama wapi na alikuwa akitetea ardhi ipi, mambo yanaanza kukaa sawa. Kabla hujamwita mtu kigeugeu, muulize alianzia wapi.

Kuna pengo jingine ambalo lazima tuliogope, nalo ni lile tunaloliziba sisi wenyewe. Katika Moonraker ya 1979, jitu lenye meno ya chuma liitwalo Jaws linakutana na msichana mdogo wa umbo, Dolly, mwenye nywele za kusuka na miwani. Wanatabasamu, wanapendana papo hapo. Watazamaji wengi duniani wanaapa kwamba Dolly alikuwa na nyaya za chuma za kunyoosha meno, na kwamba ndiyo maana walipendana, chuma kwa chuma. Kwenye filamu nyaya hizo hazipo. Mapenzi yale hayakuelezwa, na akili za watu zikaweka maelezo mahali palipokuwa patupu, kisha zikayakumbuka kama kitu kilichoonwa kwa macho.

Sisi wa mabanda ya video tulikuwa na watu wa kazi hiyo. Tanzania ilikuwa na watafsiri wa filamu waliozungumza juu ya picha kwa Kiswahili, na aliyevuma kuliko wote ni Derick Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu. Mtafsiri hakutafsiri maneno tu. Alieleza kwa nini adui ana hasira, alimpa mpita njia jina, alituambia kinachokuja. Palipokuwa na ukimya, aliweka sababu. Tulimpenda kwa hilo, na ilikuwa haki kumpenda, kwa sababu sote tulijua ni yeye anayesema. Sauti yake ilikuwa tofauti na sauti za kwenye filamu.

Hatari inaanza pale mtafsiri anapokuwa ndani ya kichwa chako na humsikii kama mtafsiri. Wilaya yetu imeumizwa na migogoro ya ardhi, wakulima na wafugaji, kijiji na kijiji, ndugu na ndugu. Nimeketi kwenye mabaraza ambapo mzee mwadilifu alieleza mpaka uliopita penye mti, na mzee mwingine, mwadilifu vilevile, akauweka mti huo ng'ambo ya korongo. Hakuna aliyekuja kudanganya. Kila mmoja alikuwa na pengo la miaka mingi kati ya alichokiona na siku ya kukisema, na katika pengo hilo mti ulihama taratibu kuelekea upande ambao haki yake ilihitaji uwe. Tangu hapo, ninapotaka kusema nakumbuka vizuri, najiuliza kwanza: hili nililiona, au nililihitaji?

Kuna aina moja ya kosa ambayo sikuwahi kuisikia ikijadiliwa na watazamaji wa mbali, lakini kwetu ilizua maneno. Casino Royale ya 2006 ina tukio lenye maandishi kwenye kioo: Mbale, Uganda. Hapo anaonyeshwa kiongozi wa waasi anayeitwa Obanno, anayehusishwa na Lord's Resistance Army, akikabidhi fedha zake kwa mtunza fedha wa magaidi. Mbale iko mashariki mwa Uganda, chini ya mlima Elgon. Vita vya kundi hilo vilianzia kaskazini, nchi ya Waacholi, na maumivu yake makubwa yaliwapata watu wa kule. Kwa mtazamaji wa London jina la mji ni rangi ya ukutani. Kwa mtu wa Mbale, au wa Gulu, ni jeraha lililowekwa kwenye mwili usio wake. Waliochagua jina hilo hawakuwahi kukaa, ndiyo maana hawakuona. Miaka zaidi ya 100 kabla yao alikuja Mamboya mmisionari wa shirika la Church Missionary Society (CMS), J. T. Last, akaishi hapa, na mwaka 1886 akachapisha sarufi ya Kikaguru. Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu wamisionari, lakini kitabu cha namna hiyo hakiandikwi na mpita njia.

Sasa nirudi kwenye ule mjadala wa njiani usiku. Je, Bond ni mmoja? Mfululizo una filamu 25, kuanzia Dr. No ya 1962 hadi No Time to Die ya 2021, na waigizaji sita wamelibeba jina hilo. Mwigizaji Charles Gray anauawa mwaka 1967 akiwa mshirika wa Bond, kisha anarudi mwaka 1971 akiwa Blofeld. Judi Dench ni mkuu mpya wa kazi mwaka 1995 mbele ya Bond mzoefu, halafu mwaka 2006 ni yeye huyohuyo anayempokea Bond anayeanza kazi. Umri haulingani, miaka hailingani, nyuso hazilingani. Ukitafuta umoja wa mtu huyu kwenye kumbukumbu za tarehe, hutaupata.

Mjomba alikuwa na jibu lake, na nimelibeba hadi leo. Mwishoni mwa filamu ile ya 1969, Bond anafunga ndoa na Tracy, na siku hiyohiyo ya harusi Tracy anapigwa risasi ndani ya gari. Mwaka 1977, katika The Spy Who Loved Me, mwanamke jasusi wa Urusi anayataja maisha ya Bond mbele yake, na anapofika kwenye mke aliyeuawa, Bond anamkatiza. Ni Roger Moore sasa, si Lazenby. Mwaka 1981, For Your Eyes Only inaanza Bond akiwa makaburini, ameinama na maua mbele ya jiwe lenye jina la Teresa Bond. Mwaka 1989 sura ni ya Timothy Dalton. Kwenye harusi ya rafiki yake Felix, bibi harusi anamtania kwamba yeye ndiye atakayefuata kuoa, uso wa Bond unabadilika, na Felix anaeleza kwamba Bond aliwahi kuoa, zamani.

"Ni mmoja," alisema mjomba. "Tazama anachokirudia."

Hakueleza zaidi, lakini sisi wa nyumbani tulijua. Mke wake wa kwanza alifariki wakiwa vijana, akazikwa kule juu kwenye mashamba ya zamani. Mjomba alioa tena, akazaa, akazeeka. Kila mwaka kabla ya mvua za kupandia alichukua jembe akapanda mlima, akaparura majani kwenye kaburi lile, akashuka jioni. Hakutangaza, na mke wake wa pili hakumuuliza. Kwa mengine mjomba alijichanganya kama sisi sote. Alibadilisha mwaka aliozaliwa kulingana na anayeuliza. Alisimulia ugomvi mmoja kwa namna ambazo hazikutani. Kwenye lile la mlimani hakubadilika kamwe. Nimejifunza kutowapima watu kwa kulingana kwa maneno yao yote, kwa sababu hakuna atakayepita. Nawapima kwa kile wanachokirudia wakati hakuna anayewadai.

Alipofariki, watani walikuja. Koo zetu zina utani, na mtani ana ruhusa ambayo hata mtoto wa marehemu hana. Mmoja wao alivaa koti la mjomba na kofia yake, akakaa mbele ya waombolezaji, akanyoosha mkono kama mwenye rimoti na kupaza sauti kwamba turudishe nyuma, kuna mahali hajaelewa. Kisha akaanza. Akataja miaka mitatu tofauti ya kuzaliwa. Akasimulia ule ugomvi kwa namna zote ambazo mjomba aliwahi kuusimulia. Akaorodhesha ahadi, visingizio, mapatano yaliyogeuzwa. Tulicheka huku machozi yanatutoka, kwa sababu kila neno lilikuwa kweli na lilitoka kwa mtu aliyekuwapo.

Halafu alivua koti, akalikunja, akampa mjane. Akachukua jembe, akaenda na wenzake kuchimba kaburi.

Pale nilielewa desturi ambayo nimeiona tangu utotoni. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Utani unamwongeza mtu mwingine: asiyezaliwa nawe, anayekusema mchana kweupe, na anayekuzika. Ruhusa ya kutaja makosa ya mtu na wajibu wa kumchimbia kaburi vimewekwa kwenye mikono ileile, na waliopanga hivyo walijua walichokuwa wakifanya. Jicho linalokumbuka kila kitu ni kitu cha hatari likikaa kwa mtu ambaye hana deni kwako. Linaweza kukufungia kwenye neno ulilolisema ukiwa na miaka 20. Kwa mtu ambaye atashika jembe siku yako, jicho hilohilo ni ulinzi: linakuambia kiraka chako kinaonekana, linauliza ulianzia wapi kabla ya kukuita mwongo, na linajua kile ambacho hujawahi kukiacha.

Leo ni rahisi sana kukusanya makosa ya watu. Simu zinatunza maneno ya miaka 10 iliyopita, na mtu asiyekujua anaweza kuyaweka kando ya maneno yako ya leo kwa dakika moja. Ameona pengo, lakini hakukaa. Mimi nimejiwekea sharti. Nikigundua kwamba mwenzangu amejipinga, kabla sijafungua mdomo najiuliza kama nimekaa naye vya kutosha kujua mpangilio wa mambo yake, na kama nitakuwapo siku atakaponihitaji. Nikijibu ndiyo, namwambia, tena usoni, kwa upendo na bila kupunguza. Nikijibu hapana, nanyamaza, kwa sababu kosa hilo si langu kulitaja.